Mbwa anayeyumba miguu ya nyuma: kutafuta chanzo, dalili kwa dalili

Lalamiko huja karibu kwa maneno yaleyale. Mbwa ameshakuwa mtu mzima, anakula vizuri, mkia anautikisa, ila siku hizi nyuma kunayumba, na akigeuka kwa haraka kiuno kinaanguka upande. Anayeuliza huwa ameshasikia habari za ugonjwa wa kuzorota kwa ugwe wa mgongo, ule ambao vyeti vya maabara huufupisha kuwa DM, na anataka kujua kama ndio huo. Mara nyingine ndio. Mara nyingine ni kitu kingine kabisa, na baadhi ya hivyo vingine vinatibika.

Ugwe wa mgongo ni ule uzi mnene wa mishipa ya fahamu unaopita ndani ya pingili za mgongo. Unashusha amri kutoka ubongoni hadi miguuni, na unapandisha habari kutoka miguuni hadi ubongoni. Ukiharibika, mbwa hapungukiwi nguvu peke yake, anapoteza pia kujua mguu wake uko wapi. Hapo ndipo kuyumba kunapoanzia.

Kabla ya kusoma dalili yoyote hapa chini, jibu maswali mawili. Je, anaumwa? Na je, ilianza kwa kasi gani? DM haiumi, na haiji ghafla. Mbwa anayelia akiguswa mgongo, au aliyekuwa mzima jana na leo hasimami, tafuta chanzo kingine kwanza, hata kama umri na aina yake vinalingana na DM.

Kukosea hapa kuna gharama. Mbwa mwenye diski iliyotoka (diski ni ule mto laini wa kati ya pingili) anahitaji kupumzishwa na kubanwa asirukeruke. Mbwa mwenye DM anahitaji kutembea kila siku, maana akilazwa misuli inayeyuka na hairudi. Ukimpa mmoja dawa ya mwenzake unamharibu.

Hali ambazo hazingoji

Ukiona mojawapo ya hizi, acha kusoma umpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, hata kama ni usiku:

- Miguu ya nyuma imeacha kufanya kazi ndani ya saa chache au siku moja.
- Hajakojoa kwa nusu siku au zaidi, na tumbo la chini limejaa na ni gumu.
- Analia, anatetemeka au anakataa kugeuza shingo.
- Anapumua kwa shida, anashindwa kumeza, au sauti ya kubweka imebadilika.
- Nyayo za nyuma ni baridi na kucha zimegeuka rangi ya samawati au kijivu.
- Tabia imebadilika, udenda unamtoka, taya limelegea, na chanjo yake haijulikani. Huyu mchukulie kuwa ana kichaa cha mbwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Mtu aliyeng'atwa au kupatwa na mate kwenye kidonda aoshe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Mbwa aliyepooza ghafla usimnyanyue kwa kwapa. Mtelezeshe juu ya ubao bapa au blanketi lililovutwa likakaza, mgongo ukae sawa, mfunge kidogo asijirushe.

Na dawa za binadamu ziache kabatini. Ibuprofen, diclofenac na naproxen hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Hata zile za mbwa za kupunguza maumivu hazichanganywi na dawa za jamii ya steroidi, kwa hiyo mwambie daktari kila kitu ulichokwisha kumpa, hata kama unaona aibu.

Dalili: kucha za nyuma zinasagika, kuna sauti ya kukwaruza

Hii ni dalili ya mapema, na mara nyingi husikika kabla ya kuonekana. Kwenye sakafu ngumu au lami, kila mguu mmoja wa nyuma unapopita unasikia mkwaruzo mfupi. Inua mguu uangalie kucha mbili za katikati. Kama zimelika upande wa juu hadi zimekuwa bapa, huku za pembeni bado ni ndefu, mguu huo unaburutwa. Manyoya yaliyo juu ya vidole nayo huwa yamekatika, na ngozi imekwaruzika. Ukitaka ushahidi zaidi mtembeze kwenye mchanga laini: mguu mzima huacha alama ya wayo, mguu unaoburutwa huacha na mfereji mbele yake.

Sababu, kuanzia iliyo ya kawaida zaidi kwa mbwa mzee:

1. Viungo vya nyonga au magoti vimechakaa. Mbwa hanyanyui mguu vizuri kwa sababu unamuuma, hivyo hatua inakuwa fupi.
2. Diski inayovimba polepole na kubana ugwe, hasa kwa mbwa wakubwa.
3. DM.
4. Uvimbe ndani au kando ya ugwe.

Kipimo cha nyumbani kinachotenganisha namba 1 na zilizobaki ni kugeuza wayo. Mbwa asimame kwenye zulia lisiloteleza. Weka mkono mmoja chini ya tumbo umsaidie uzito, asianguke. Kwa mkono wa pili shika mguu mmoja wa nyuma, ugeuze wayo ili mgongo wa vidole uguse sakafu, kisha uachie. Mbwa mzima huurudisha papo hapo, wakati mwingine hata kabla hujauachia. Anayechelewa, au anayesimama juu ya vidole vilivyopinda kana kwamba hakuna kilichotokea, ana tatizo kwenye njia ya mishipa ya fahamu. Rudia mara kadhaa, kila upande, maana mbwa aliyechoka au anayecheza hudanganya.

Mwenye yabisi ya viungo hufaulu kipimo hiki, hata kama anachechemea vibaya. Ila kipimo hakikuambii ni ugonjwa gani wa mishipa. Nimeona watu wakiona wayo haukurudi wakahukumu DM hapohapo. Diski hushindwa kipimo hikihiki, na uvimbe pia.

Wayo usiporudi, panga miadi ndani ya wiki. Kabla hujaenda, piga video: mbwa akitembea polepole kutoka kwako, akirudi, kisha kwa upande, kwenye sakafu isiyoteleza. Mbwa wengi wakifika kliniki hujikaza kwa woga wakatembea vizuri kuliko nyumbani, na video hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo yako.

Dalili: anayumba, miguu ya nyuma inapishana, anaanguka akigeuka, wala haumwi

Hapa ndipo DM inapokaa, na ndipo penye mambo mengi.

Anza na ukaguzi mwepesi. Angalia miguu ya mbele. Ikiwa hatua za mbele nazo ni fupi au zimekakamaa, shida inaweza kuwa shingoni, jambo linalowapata sana Doberman na Great Dane, na shingo ina matibabu yake. Angalia kichwa: kikiinama upande mmoja, ruka hadi dalili ya kizunguzungu hapo chini. Angalia namna anavyonyanyua miguu: akiirusha juu kupita kiasi kama askari wa gwaride, na kichwa kinatikisika anaposogelea bakuli, shida iko kwenye ubongo mdogo wa nyuma. Kisha pitisha vidole polepole pande zote mbili za mgongo kuanzia mabegani hadi mkiani, ukibonyeza kidogo. Misuli ikikakamaa, akikugeukia au akichuchumaa, maumivu yapo. Usipinde mgongo, usivute mkia kwa nguvu, usijaribu kuunyoosha.

Kama hakuna maumivu, miguu ya mbele ni mizima na kichwa kiko sawa, vyanzo vinavyobaki kwa mbwa mkubwa wa makamo au mzee ni diski inayovimba polepole, DM, kubanwa kwa mishipa pale kiuno kinapokutana na nyonga, na uvimbe. Kwa mbwa aliye chini ya miaka mitano, DM karibu iondoe kwenye orodha. Kwa kawaida huanza akiwa na miaka minane au zaidi.

DM yenyewe ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1973, kwa mbwa wa aina ya German Shepherd, na kwa miaka mingi ikaonekana kama ugonjwa wao peke yao. Sivyo. Boxer, Pembroke Welsh Corgi, Rhodesian Ridgeback, Chesapeake Bay Retriever na Bernese Mountain Dog wote wanaupata, na mbwa chotara nao hawajasalimika. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waligundua kwamba unahusiana na hitilafu kwenye jeni iitwayo SOD1, jeni ileile ambayo kwa binadamu ikiharibika husababisha aina moja ya ugonjwa wa ALS unaolegeza misuli.

Unaanzia katikati ya mgongo, upande mmoja ukitangulia kidogo. Miezi ya kwanza ni kuyumba na kuburuta. Kisha miguu inapishana, anashindwa kupanda ngazi, anaketi katikati ya haja kubwa. Kwa mbwa wakubwa, miezi sita hadi kumi na miwili tangu dalili ya kwanza huwa wamefikia kutosimama bila msaada. Mbwa wadogo huishi nao muda mrefu zaidi, sababu mojawapo ikiwa nyepesi tu: wanabebeka.

Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha DM mbwa akiwa hai. Huthibitishwa kwa kuangalia ugwe wenyewe kwa hadubini baada ya kifo. Kabla ya hapo daktari anachofanya ni kuondoa kimoja kimoja vile visivyokuwa: damu kwanza (sukari, tezi la shingo, maambukizi), kisha picha, kisha maji ya uti wa mgongo. Kipimo cha MRI, picha inayoonyesha ugwe wenyewe, cha mbwa mwenye DM hutoka safi, na usafi huo ndio habari yenyewe.

Eksirei ya kawaida ina mtego wake. Haionyeshi ugwe, inaonyesha mifupa. Mbwa wazee wengi wana vinundu vya mfupa vilivyounganisha pingili za chini, vinavyotisha kwenye picha na ambavyo mara nyingi havina kosa lolote. Ukiambiwa "hivi vinundu ndivyo vinavyomyumbisha", uliza kwa adabu kwa nini wayo haurudi.

*Kusoma cheti cha jeni.* Kila mbwa ana nakala mbili za jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, kwa hiyo cheti cha SOD1 hutoa jibu moja kati ya matatu. Nakala zote mbili nzima: DM ya aina hii haitarajiwi, tafuta kwingine. Nakala moja nzima na moja mbovu: ni mbebaji, na kwa kawaida haugui, ila anaweza kuirithisha. Nakala zote mbili mbovu: yuko hatarini. Neno ni hatarini tu. Mbwa wengi wenye nakala mbili mbovu huzeeka na kufa kwa mambo mengine bila kuyumba hata siku moja. Kwa hiyo Boxer mwenye nakala mbili mbovu anaweza kabisa kuwa anayumba kwa sababu ya diski, na cheti kikatumika kumnyima matibabu. Kwa Bernese Mountain Dog ipo hitilafu ya pili kwenye jeni hiyohiyo, na kipimo cha kawaida hakiioni, kwa hiyo waombe maabara wapime zote mbili.

Na kama MRI haipatikani? Hapo unafanya kazi na uwezekano: umri, aina, kutokuwepo maumivu, mwendo wa polepole, nakala mbili mbovu. Vyote vitano vikikaa pamoja, daktari mzoefu ataitendea kama DM huku akiwa macho. Kimoja kikikataa kukaa, hasa maumivu, asiifunge kesi. Mbwa akipata nafuu ya wazi baada ya daktari kumpa steroidi, hiyo pia ni dalili kwamba ugonjwa ni mwingine, maana DM haisikii steroidi.

*Kinachosaidia.* Tiba ya kuponya hakuna, na virutubisho vinavyouzwa kwa ahadi hiyo havijathibitishwa. Chenye ushahidi kidogo ni mazoezi. Utafiti mmoja uliochapishwa 2006, wenye mbwa 22 waliodhaniwa kuwa na DM, uliona waliopata mazoezi ya mpangilio kila siku waliishi wastani wa siku 255, waliopata ya wastani siku 130, na wasiopata kitu siku 55. Utafiti ni mdogo, nisingeapa kwa tarakimu zake, lakini mwelekeo wake unalingana na wanachokiona wanaolea mbwa hawa. Matembezi mafupi mara nyingi kwa siku ni bora kuliko moja refu la kumchosha. Kuogelea au kutembea ndani ya maji ni kuzuri, ukiwa umemshika, maana nyuma yake itazama. Kila jioni mlaze, umkunje na kumkunjua vidole, kifundo, goti na nyonga kwa upole.

Dalili: ameanguka ghafla, miguu ya nyuma haifanyi kazi

Si DM. Nasema hivyo bila kusitasita.

Kwa mbwa wenye miguu mifupi na mgongo mrefu, Dachshund, Corgi, Pekingese, cha kwanza ni diski iliyopasuka na kutema kiini chake kwenye ugwe. Kwa kawaida kuna maumivu. Kwa mbwa mkubwa aliyekuwa anakimbia au kucheza, akalia mara moja, akaanguka, kisha baada ya muda mfupi akawa haumwi tena huku upande mmoja ukiwa mbaya kuliko mwingine, fikiria kipande kidogo cha gegedu kilichoziba mshipa wa damu wa ugwe. Hali hii huacha kuzidi ndani ya siku moja, na wengi hurudi kutembea kwa wiki kadhaa za uangalizi. Halafu kuna ajali ambayo hukuiona: gari, kuanguka, teke. Mwisho, na si kawaida kwa mbwa, ni damu iliyoganda kwenye mshipa mkubwa unaolisha miguu ya nyuma, ndiyo inayoleta nyayo baridi.

Watu hujaribu kubana kidole, mguu ukivutwa wanafurahi: "anahisi!" Mguu kujivuta si kuhisi. Hiyo ni amri inayozunguka kwenye ugwe wa chini bila kufika ubongoni, na hutokea hata ugwe ukiwa umekatika juu yake. Kuhisi ni pale mbwa anapogeuza kichwa, analia au anajaribu kung'ata. Kipimo hicho mwachie daktari afanye vizuri, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua haraka ya upasuaji. Mwenye diski iliyopasuka ambaye bado anahisi maumivu ya ndani ana nafasi kubwa sana ya kutembea tena akipasuliwa. Aliyepoteza hisia hiyo, nafasi hushuka hadi takriban nusu. Kwa hiyo "tuangalie mpaka Jumatatu" ni uamuzi mbaya.

Dalili: amekunja mgongo, hataki kuruka, analia akinyanyuliwa

Maumivu yapo, kwa hiyo tafuta kinachouma. Diski ndiyo ya kwanza. Kwa mbwa wakubwa, German Shepherd hasa, ya pili ni kubanwa kwa mishipa pale kiunoni: haruki tena kwenye gari, hataki mkia uinuliwe, na mkia wenyewe umelegea. Ya tatu ni maambukizi ya diski na pingili, na huyu huwa na homa, amekonda, hana hamu ya chakula. Bakteria mmoja anayesababisha hali hiyo, Brucella canis, huambukiza pia watu, kwa hiyo kama mbwa anatumika kuzalisha au aliwahi kuharibu mimba, mwambie daktari na uvae glavu ukisafisha mkojo wake. Ya nne ni uvimbe wa mfupa au wa mishipa.

Unachoweza kufanya nyumbani ni kumzuia: chumba kidogo, kamba fupi, hakuna ngazi, hakuna kochi. Usimkande. Usimpeleke kwa mtu wa kunyoosha viungo kabla ya picha.

Dalili: nguvu zinakuja na kuondoka, au udhaifu unapanda mwili mzima

Akianza matembezi vizuri kisha akalegea baada ya hatua chache, akipumzika akarudi, hiyo si tabia ya DM. Fikiria moyo, sukari iliyoshuka, au ugonjwa wa misuli kushindwa kupokea amri za neva, ambao mara nyingi huja na kutapika chakula kizima kisichosagwa.

Udhaifu uliolegea kama kitambaa, unaoanzia nyuma na kupanda hadi mbele kwa siku chache, unahitaji kwanza upekuzi wa kupe. Pekua ndani ya masikio, kati ya vidole, chini ya ukosi, chini ya mkia. Wapo kupe wenye sumu ya kupoozesha, hasa Australia na Amerika Kaskazini. Mtoe kwa kibano karibu na ngozi, lakini bado nenda kwa daktari, kwani wale wa Australia humzidishia mbwa hali hata baada ya kutolewa. Sababu nyingine ni sumu ya mzoga uliooza na kuvimba kwa mizizi ya neva. Zote zinaweza kufikia misuli ya kupumua, kwa hiyo usizilee nyumbani. Mbwa mdogo asiyechanjwa, mwenye makamasi, kuhara na misuli inayorukaruka yenyewe, ana uwezekano wa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa.

Dalili: kichwa kimeinama, macho yanachezacheza, anaangukia upande mmoja

Huu ni usawa wa sikio la ndani au ubongo. Ugwe hauhusiki. Kwa mbwa mzee mara nyingi huja ghafla, hutisha, kisha hupungua wenyewe kwa siku kadhaa. Angalia sikio kama lina harufu au uchafu, lakini usitie dawa ya matone kabla ngoma ya sikio haijakaguliwa. Kama alikuwa anatumia antibiotiki ya metronidazole kwa dozi kubwa au muda mrefu, mpigie daktari, kwani dawa hiyo yenyewe huweza kuyumbisha, na ikisitishwa mbwa hurudi sawa.

Dalili: mkojo unavuja, au kinyesi kinadondoka anapotembea

Kuvuja hakumaanishi kwamba anakojoa. Mbwa aliyebanwa ugwe ghafla huweza kujaa kibofu hadi kifurike, ukaona matone ukadhani mambo yanakwenda. Shika tumbo la chini mbele ya nyonga: mpira mgumu uliojaa ni dharura, maana kibofu kikivutika muda mrefu misuli yake haikazi tena. Usikiminye kwa nguvu bila kufundishwa, kinaweza kupasuka. Daktari au muuguzi wake akikufundisha kwa mikono yako mwenyewe mara mbili tatu, utaiweza.

Kwenye DM, kuvuja huja katika hatua za mbele. Kukitokea mapema, wiki za mwanzo kabisa, rudi kwenye orodha ya diski na uvimbe. Mkojo wenye harufu kali au ukungu ni maambukizi, nayo humdhoofisha mbwa akaonekana kana kwamba ugonjwa wa mgongo umepiga hatua.

Dalili: ameshaambiwa ni DM, lakini amezorota ndani ya siku mbili

DM haiendi mbio hivyo. Kagua kwa mpangilio: je, sakafu imebadilika, kucha zimekuwa ndefu, manyoya kati ya nyayo yanamtelezesha? Je, ana homa, mkojo mchafu, kidonda? Goti moja limevimba? Mbwa anayejikokota kwa mguu mmoja huukaza mwingine hadi kano ya goti inakatika. Na je, mgongo sasa unauma? Mwenye DM hana kinga dhidi ya diski. Anaweza kuwa na vyote viwili.

Matatizo ya vifaa na ngozi

Vidonda juu ya vidole: viatu vya mbwa husaidia akitembea, ila vivue akipumzika, vinatunza unyevu na kuozesha ngozi. Vidonda vya kulalia huanza kwenye mfupa wa nyonga, kiwiko na ubavu wa goti kama upara mwekundu. Mgeuze kila baada ya saa nne, godoro liwe nene. Ngozi iliyoungua mkojo inyolewe, ioshwe, ikaushwe, na ipakwe mafuta aliyotoa daktari. Krimu za watoto zenye zinki zisitumike, akizilamba ni sumu. Nzi wakianza kumzunguka, pekua manyoya ya nyuma mara mbili kwa siku, maana funza huingia upesi.

Mbeleko ya taulo chini ya tumbo inafaa kwa mwanzo. Kwa mbwa dume taulo hubana uume, akashindwa kukojoa, kwa hiyo mbeleko yenye matundu mawili ya miguu ni bora. Kigari cha magurudumu kinunuliwe mapema, wakati miguu ya mbele bado ina nguvu na mbwa bado anaweza kukizoea. Akikataa kusogea ndani yake, sababu ya kwanza ni kipimo kibaya: mgongo lazima ukae sambamba na ardhi. Ukishuka nyuma anavutwa, ukipanda uzito wote unaenda mabegani. Ya pili ni kuchubuka kwenye mapaja ya ndani. Kigari si kitanda, na asiachwe ndani yake peke yake.

Punguza uzito wake. Mbavu zisiposhikika kwa vidole bila kubonyeza, ni mnene, na kila kilo ya ziada unainyanyua wewe.

Dalili: miguu ya mbele imeanza kudhoofu

Kwa mwenye DM hii ni hatua ya mwisho. Misuli ya nyuma imelegea, sasa mbele kunatetemeka, sauti ya kubweka inakuwa nyembamba, anasakamwa na maji. Matengenezo ya nyumbani yanaishia hapa. Kinachofuata ni kushindwa kumeza na kupumua, na hakuna sababu ya kumfikisha huko. Zungumza na daktari kuhusu kumlaza usingizi wa mwisho, yaani kumuua bila maumivu, kabla hajafika, ukiwa na akili tulivu. Wenye mbwa wengi huamua mapema zaidi, pale mbwa mkubwa anaposhindwa kusimama, na hilo nalo ni uamuzi wa haki.

Kama ulikuwa na shaka hadi mwisho, muulize daktari kabla ya siku hiyo kama sampuli ya ugwe inaweza kuchukuliwa na kupelekwa maabara. Jibu likirudi, mpe aliyekuuzia mbwa, pamoja na cheti cha jeni. Huyo muuzaji anao wazazi wa mbwa wako na ndugu zake wa tumbo moja, na anapanga kuwazalisha.